Msituandikie tena "vyura wa kawaida": barua ya wazi kwa mnaosaini vibali vya milimani

Waheshimiwa,

Shikamooni. Naandika kwenu nyote mnaokaa kwenye zile meza ambazo karatasi ya mradi haiwezi kupita bila saini, wa mazingira, wa misitu, wa maji, wa nishati, na ninyi wa halmashauri ambao mara nyingi ndio wa kwanza kuletewa ramani. Sina cheo chochote. Nimekulia upande wa milima ya Uluguru na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwabebea watafiti mizigo na kuwaonyesha njia usiku msituni, na vyura nimejifunzia huko huko, kwa kushika tochi na kunyamaza.

Kilichonifanya niandike ni mstari mmoja tu. Kuna mradi, sitautaja na wala sitamtaja aliyeandika ripoti yake, ulileta watu wa tathmini ya athari za mazingira kijijini, wakakaa siku tatu, mwezi wa nane, wakatembea mchana kando ya mto wanapiga picha, wakaongea na sisi vizuri tu kwa heshima, wakaondoka. Baadae ripoti ikafika ofisi ya kijiji nikaomba niisome. Ina kurasa nyingi sana, nikatafuta sehemu ya wanyama. Ndege wana jedwali lao. Mbega yupo, kima yupo. Nikafika kwenye amfibia, yaani vyura na ndugu zao, nikakuta imeandikwa hivi: "vyura wa kawaida wa maeneo yenye maji." Basi, imeisha hiyo, inayofuata ni mijusi na nyoka. Niliurudia ule mstari mara tatu nikijiuliza wa kawaida kwa nani.

Naomba niwaeleze usiku mmoja, ilikuwa masika, mwezi wa nne, mvua imenyesha toka saa tisa mchana na ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba. Tulipanda na watafiti wawili, tukapita shamba la mwisho, tukaingia msituni, na pale kwenye kona ambapo njia inakata kijito mmoja wao akanigusa bega nisimame. Mbele yangu, juu ya jani kama usawa wa goti, kulikuwa na chura ambaye ningempita hata mara mia. Mdogo, hafiki urefu wa kidole gumba changu, rangi ya majani makavu. Tumbo lake lilikuwa limevimba na ngozi imevutika mpaka nyembamba kabisa, unaona kama kuna vitu vimebanana mle ndani. Nikadhani ni mgonjwa. Mtafiti akasema hapana, huyu ni jike, ana mimba, na hatataga mayai, atazaa watoto wenye miguu minne tayari, vyura kamili.

Mimi nimesoma shule ya msingi hapa hapa, nikachora mzunguko wa maisha ya chura kwenye daftari, mayai, viluwiluwi, mkia unapotea, miguu inaota. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mlimani kwetu kuna vyura wanaoruka hizo hatua zote za kwenye maji, kiluwiluwi anakulia tumboni mwa mama yake. Duniani spishi za vyura wanaozaa hivyo hazifiki hata asilimia moja. Na jenasi nzima ya Nectophrynoides, yaani lile kundi la spishi ndugu ambalo yule jike ni mmoja wao, iko Tanzania tu, hakuna nchi nyingine. Mjerumani mmoja anaitwa Gustav Tornier ndiye aliyewaonyesha wenzake kule Berlin mwaka 1905 kwamba kuna vyura wa namna hii, kwa hiyo ni zaidi ya miaka 100 dunia inajua, halafu sisi tunaandika wa kawaida.

Na kazi ya kuwajua haijaisha hata kidogo. Mwaka 2025 tu zimetangazwa spishi tatu mpya za jenasi hiyo hiyo, na zikapewa majina ya kwetu, moja ya Luhomero, moja ya Uhehe, moja ya Sali kule Mahenge, yaani ni vyura ambao siku zote walikuwa wanahesabiwa kama mmoja mpaka watu walipokaa chini wakalinganisha vinasaba, mpaka vya wale waliokaa kwenye chupa za makumbusho Ulaya toka enzi za Mjerumani. Mwaka 2002 kwenye milima ya Ukaguru alitangazwa chura wa mitini mzuri sana akapewa jina la kisayansi la Kiswahili kabisa, Churamiti maridadi. Mtu yeyote anayeongea Kiswahili anaelewa hilo jina bila kwenda chuo. Waliopatikana ni wachache mno, na mwaka 2019 watafiti walipopanda kumtafuta tena hawakumwona, wakakutana na chura mwingine kabisa asiyetoa sauti, dume haliiti jike kama vyura wengine wanavyofanya, naye akatangazwa mwaka 2023 kama spishi mpya, Hyperolius ukaguruensis. Walimfuata mmoja wakarudi na mwingine ambaye hakuna aliyekuwa na habari naye. Ndivyo hii milima ilivyo. Alafu Usambara, pale Amani, kuna chura aliyekamatwa mara moja tu, mwaka 1926, kielelezo kimoja, na hakuna aliyewahi kupata wa pili.

Bado sijasema wale wasio na miguu. Huku kwetu watu wakilima wanawafukua wanafikiri ni nyoka wadogo au minyoo mikubwa, wanawakata kwa jembe, nami nimeshawakata nikiwa mtoto. Sio nyoka. Ni amfibia, ndugu wa chura, wanaishi kwenye udongo na macho yao karibu hayana kazi. Wa milima ya Taita, upande wa Kenya ambako ndiko Milima ya Tao la Mashariki, hii safu yetu yenye Usambara, Uluguru na Udzungwa, inaanzia, ilithibitishwa mwaka 2006 kwamba mama anawalisha watoto wake ngozi ya mwili wake mwenyewe, ngozi ya juu inanenepa na kujaa mafuta, watoto wanaizengea na kuikwangua na meno yao madogo, inaota tena wanakula tena. Nilipoambiwa hivyo nilikumbuka jembe langu nikanyamaza muda mrefu.

Sasa niseme kwanini wale watu wa mwezi wa nane hawakuona kitu. Sisemi walidanganya. Chura hana ngozi kama yetu. Anakunywa maji kupitia ngozi, hasa ya tumboni na mapajani, na sehemu kubwa ya hewa yake inapita hapo hapo, kwa hiyo ngozi lazima iwe na unyevu saa zote na jua likiwaka au upepo mkavu ukivuma anaingia chini ya gogo, kwenye majani yaliyooza, ndani ya mwanzi uliopasuka, kwenye maji yanayotuama kwenye makwapa ya majani ya mgomba pori. Kuna chura wa Usambara ambaye viluwiluwi vyake vinaishi humo humo, kwenye mwanzi na mgomba, hatafuti mto. Kuna wengine viluwiluwi vyao viko kwenye mwamba wenye maji membamba yanayoteleza, vimeng'ang'ania jiwe. Ukija kiangazi, mchana, na buti lako, ukapita kando ya mto, utaona vyura wawili watatu wakubwa wanaoruka majini na utaandika ulichoona. Ukija masika, saa mbili usiku, na tochi, ukatembea mita mia moja kwa saa nzima, utarudi na daftari limejaa. Msitu ni ule ule.

Kwa hiyo swali langu kwenu sio kwanini yule mtaalamu hakujua vyura. Swali ni nani aliyemruhusu aje mwezi wa nane. Hadidu za rejea, yaani maelekezo ya kazi ya mtaalamu, zinaandikwa na ofisi, ratiba inapitishwa na ofisi, na ripoti ikija na mstari mmoja kuna mtu ofisini anaipokea. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ipo toka 2004 na tathmini ya athari ni lazima, sheria ninaiheshimu, lakini tathmini iliyofanyika msimu ambao wahusika wote wako chini ya ardhi mnaikubali vipi?

Mnajua tayari kitu kinachotokea tukichelewa kuhesabu, maana Tanzania ndiyo yenye hadithi ambayo dunia nzima inaifundisha. Kihansi. Wengi wanamjua chura wa Kihansi kama chura aliyepandishwa ndege kwenda Marekani na watu wakalalamika hela zinatumika kwa chura, lakini ukiifuata toka mwanzo unaona kosa lilikuwa la kalenda. Yule chura alionekana mara ya kwanza na wanasayansi mwaka 1996, wakati mradi wa umeme umeshapitishwa, fedha zimeshapatikana na ujenzi unaendelea. Alikuwa anaishi sehemu moja tu duniani, chini ya maporomoko ya mto Kihansi kwenye Udzungwa, eneo la kama hekta 2, ambalo lilikuwa linalowa muda wote kwa rasharasha ya maji. Chura wa rangi ya manjano, jike halifiki sentimita 3, naye anazaa kama yule wa kwetu. Wakati watu wanamaliza kuandika maelezo yake na kumpa jina, maji yanakaribia kugeuzwa. Yakageuzwa, kama asilimia 90 ya mto ikaingia kwenye mtambo wa megawati 180, na ile rasharasha ikakatika.

Kilichofuata kilikuwa ni kukimbizana. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 wakachukuliwa wakapelekwa bustani ya wanyama ya Bronx, New York, na huko nako mwanzoni walikufa kwa wingi mpaka wataalamu wakajifunza mwanga gani na chakula gani kinawafaa. Kule bondeni yakafungwa mabomba yenye vinyunyizio ili kuigiza rasharasha, na kwa kweli ilisaidia, katikati ya 2003 walikadiriwa kufika kama 20,000. Alafu ndani ya miezi michache wakaanguka. Januari 2004 walioonekana kwa macho ni watatu. Mpaka leo wataalamu wanabishana kuhusu mchango wa kila kitu, maji ya bwawa yaliyofunguliwa yakashuka na tope na sumu za mashambani, vinyunyizio kusumbua, lakini kwenye mizoga alikutwa fangasi anayeitwa kitridi. Mwaka 2009 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa asili, ikatangaza kwamba porini hayupo tena. Mwaka 2010 wakarudishwa 100 mpaka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na toka 2012 wakaanza kurudishwa bondeni kwao, wa kwanza walikuwa zaidi ya 2,000, na hakuna amfibia mwingine aliyekuwa ametoweka porini akarudishwa kabla yake. Tuna haki ya kujivunia hapo. Watanzania walioifanya hiyo kazi, wanaopanda lile bonde kuhesabu chura mmoja mmoja na kutengeneza mabomba, wanastahili heshima kubwa kuliko wanayopata.

Lakini angalieni gharama yake. Mabomba yale hayana siku ya kuzimwa. Chura aliyekuwa anatunzwa na mto bure sasa anategemea mtu akumbuke kusafisha vichujio. Na yote hiyo ingeweza kuwa nyepesi zaidi kama watu wenye tochi wangeshuka lile bonde miaka kumi kabla, maana mradi wa maji ukiwa bado kwenye karatasi unaweza kuchora tundu la kuachia maji ya mto yapite, ukishamwaga zege unabaki kuomba.

Najua mtu ataniuliza, sasa wewe unataka tukae gizani kwa ajili ya chura? Hapana. Mimi nimekulia kwenye mgao, nimesoma kwa kibatari, nautaka umeme kama mtu mwingine yeyote. Leo bwawa la Nyerere peke yake lina mitambo ya megawati 2,115, kwa hiyo hata hesabu ya zamani ya kwamba kila tone la kila kijito lazima lipite kwenye bomba imebadilika, na naamini kabisa ile sehemu ya maji inayoachiwa Kihansi inaweza kujadiliwa upya na wenye hesabu zao. Na mjue kwamba msitu unaomtunza chura ndio huo huo unaotunza maji. Uluguru ndiyo inalisha mto Ruvu na Ruvu ndiyo inanywewa na Dar es Salaam. Chura akipungua kwenye kijito ni kwa sababu kijito kimekauka, au kimepakwa tope, au mwavuli wa miti umefunguliwa kupanda iliki na majani ya chini yamekauka, yeye anaanza kuumia kabla mita ya maji haijaonyesha kitu chochote.

Na afya pia. Kule Kosta Rika na Panama, yule fangasi alipopita akafagia vyura, wachumi na wanabaiolojia walirudi kwenye takwimu za wagonjwa wakakuta malaria iliongezeka kwa miaka kadhaa baada ya vyura kupotea, na hiyo ilichapishwa 2022. Viluwiluwi na vyura wanakula mbu na mayai yake. Sisi watu wa malaria hatuhitaji kufafanuliwa sana hapo.

Huyo fangasi niongeze kidogo, maana hapa kuna kitu kinaweza kufanyika kesho asubuhi. Kitridi anashambulia ngozi ya chura, na kwa kuwa ngozi ndiyo pafu na ndiyo mdomo wa kunywea, chumvi za mwilini zinavurugika mpaka moyo unasimama. Utafiti wa 2019 ulihesabu spishi zisizopungua 501 duniani zilizopungua kwa sababu yake, na 90 kati ya hizo zinadhaniwa zimeisha kabisa. Anasafiri kwenye maji na kwenye tope bichi. Tope bichi liko wapi? Kwenye buti la mpima barabara aliyetoka mlima mmoja jana na leo yuko mwingine, kwenye tairi, kwenye nyavu za watafiti, na kwenye buti langu mimi. Watafiti niliofanya nao kazi wanatusugulisha viatu kwa brashi, tunavilowesha kwenye maji yenye klorini, tunavianika mpaka vikauke kabisa, kila tunapobadilisha msitu. Mwanzoni niliona ni usumbufu. Sasa nikiona gari la mradi linapanda na matope ya mkoa mwingine naumia rohoni. Andikeni kwenye kibali, kwa mstari mmoja tu, kwamba hakuna anayeingia msitu wa hifadhi na buti chafu. Ndoo na brashi haziwezi kushinda bajeti ya mradi.

Lingine ninaloomba ni hilo la msimu. Mradi wowote unaogusa msitu wa Tao la Mashariki, iwe barabara, mtambo mdogo wa maji, mgodi, mnara, usipewe cheti mpaka amfibia wahesabiwe usiku, kwenye vuli na kwenye masika, kwa majina yao, na kama mtaalamu hajui majina aseme hivyo na atafutwe anayejua, wapo, vyuo vyetu vimesomesha vijana wanaowajua kwa sauti tu. Ripoti iletwe kijijini kwa Kiswahili kabla ya kusainiwa sio baada, maana sisi ndio tunajua kijito kipi hakikauki. Na watu wa vijijini wanaojua njia walipwe kama wasaidizi wa tathmini, wasiishie kupewa soda na kusainishwa mahudhurio.

Duniani kuna spishi zaidi ya 8,000 za amfibia, na tathmini kubwa iliyotoka 2023 inasema asilimia 41 ziko hatarini kutoweka, hakuna kundi lingine la wanyama wenye uti wa mgongo lenye hali mbaya kama hiyo. Ninyi hamwezi kuokoa wote hao. Hawa walioko kwenye vilele vyetu, ambao mlima mmoja una wake na wa jirani una wake, hakuna serikali nyingine inayoweza kuwaokoa zaidi yenu.

Nimalizie na ule mradi. Kwenye ramani iliyobandikwa ofisi ya kijiji kuna mstari mwekundu unaopanda toka shamba la mwisho mpaka kileleni, na unakata kijito pale pale kwenye kona niliyosimamishwa nikaonyeshwa yule jike. Kibali bado hakijatoka. Mvua za masika zikishika vizuri, kuanzia mwishoni mwa mwezi wa tatu, mtumeni mtu mmoja kati yenu apande, yeyote, ni mwendo wa saa mbili na nusu kwa miguu toka ofisi ya kijiji, tuondoke saa kumi na moja jioni ili giza litukute juu. Tochi ninazo mbili. Aje na buti lililooshwa.